Usiihamishe Kitunda: jibu kwa mwalimu anayeandika riwaya ya watoto

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano upande wa Kitunda, ng'ambo ya Lindi mjini. Nimeandika riwaya ya watoto ya kurasa 90 kuhusu Somoe na kaka yake Issa katika msimu mmoja wa korosho. Rafiki yangu aliyeko Dar es Salaam ameisoma, akanishauri niihamishie mjini na niondoe maneno ya kwetu, maana mtoto wa Mwanza au Mombasa hatayaelewa. Anasema hakuna mwandishi wa watoto aliyefika mbali kwa kuandika kijiji chake. Ni kweli? Na kama yupo, aliishi vipi, na kazi hiyo aliifanyaje? Nimekutumia na sura tatu za mwanzo.

Jibu:

Marahaba, Mwalimu. Sura zako nimezisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, na mjukuu wangu aliyekuwa akipita na ndoo akaiweka chini ili asikie. Kwa hiyo nakujibu nikiwa upande wako.

Rafiki yako amekosea. Nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu ushauri wa namna yake umeshaua miswada mingi ya kusini kabla haijafika mezani kwa mhariri yeyote.

Yupo mwandishi wa aina hiyo. Anaitwa Astrid Lindgren, wa Uswidi, aliyezaliwa tarehe 14 Novemba 1907 na kufariki tarehe 28 Januari 2002. Vitabu vyake vimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 100. Wengi wanamjua kwa Pippi, yule binti mwenye nguvu za kubeba farasi, anayeishi bila baba wala mama. Mimi nataka tuviangalie vitabu vyake vingine, vya watoto wa Bullerbyn na vya Emil wa Lönneberga. Hivyo ni vya mkoa mmoja, vya mashamba machache, vya watu ambao mjini walichekwa kwa namna walivyosema. Na ndivyo vilivyosafiri.

Mkoa wenyewe ni Småland, kusini mwa Uswidi. Nchi ya misitu na mawe; mkulima wa huko aliokota mawe shambani kwanza, ndipo akalima. Katika karne ya 19 maelfu kwa maelfu waliondoka kwenda Marekani kutafuta maisha. Ukisoma habari hizo ukiwa Lindi huhitaji mtu akufafanulie. Sisi watu wa kusini ndio tulioipa nchi neno machinga, kwa jina la Wamachinga wa mkoa wenu, vijana waliokwenda Dar es Salaam na bidhaa mkononi. Wazee wetu wanaikumbuka barabara ilivyokatika kila masika, hadi daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na Rufiji ikavukika. Mkoa unaojulikana kwa watu wake kuondoka: Småland ilikuwa hivyo, na sisi tumekuwa hivyo.

Astrid alizaliwa Näs, shamba lililo jirani na mji mdogo wa Vimmerby. Shamba halikuwa la kwao. Baba yake, Samuel August, alilima ardhi ya kanisa kwa kupanga. Watoto walikuwa wanne, yeye wa pili. Walicheza mno, walipanda miti, na walifanya kazi. Sehemu ninayoipenda katika habari zake za utotoni ni ya jikoni. Jiko hilo halikuwa la mama yake. Lilikuwa la Kristin, mke wa mchunga ng'ombe wa shamba lile, jiko la watu maskini. Huko binti wa Kristin, Edit, alimsomea Astrid hadithi ya jitu na kichimbakazi, naye akiwa bado hajui kusoma. Alisema maisha yake yote kwamba alianzia hapo. Utaona kwamba kitabu kilimwingia kwa sikio kwanza, kupitia mdomo wa mtoto mwenzake, penye harufu ya chakula. Nakuomba ulishike hilo, nitalirudia.

Alipokuwa na umri wa miaka 13 insha yake ya shule ilichapishwa katika gazeti la Vimmerby. Watu wakaanza kumtania kwa kumwita Selma Lagerlöf wa Vimmerby, yaani wakamfananisha na mwandishi mkubwa wa Uswidi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Ungedhani alifurahi. Aliogopa, akajiapiza hataandika kitabu. Kiapo hicho kilidumu zaidi ya miaka 20. Nawaambia walimu wote: mkimpata mtoto mwenye kalamu, msimpe ukubwa mapema. Mpeni karatasi.

Sasa nafika mahali ambapo waandishi wengi wa wasifu wake huruka haraka, nami sitaruka. Alipomaliza shule aliajiriwa na gazeti lile lile. Akiwa na miaka 18 akapata mimba, na baba wa mtoto ni mwenye gazeti, mtu mzima mwenye familia. Mji mzima ukazungumza. Akakataa kuolewa naye, akafunga mizigo, akaenda Stockholm kusomea kazi ya ukatibu: kupiga chapa na hati mkato. Desemba 1926 alijifungua mwanawe, Lars, mjini Copenhagen, nchi ya jirani, ambako angeweza kujifungua kwa siri. Akamwacha huko kwa mama mlezi. Kwa miaka mitatu alikuwa akibana senti za mshahara wake ili apande treni kwenda kumwona. Mwaka 1930 mlezi akaugua, Astrid akamchukua mtoto, na baada ya muda akampeleka Näs kwa babu na bibi yake. Lars akakaa kule hadi mama yake alipoolewa mwaka 1931 na Sture Lindgren.

Mwalimu, wewe unao hao darasani. Mtoto aliyeletwa kwa bibi Kitunda kwa sababu mama yuko Dar es Salaam anauza chakula au anafanya kazi za ndani. Msichana aliyekatisha masomo kwa mimba, ambaye tangu waraka wa Novemba 2021 ana ruhusa ya kurudi shuleni, ingawa majirani hawajamwachia ruhusa hiyo moyoni. Nayasema haya kwa sababu watu hudhani mwandishi wa furaha za watoto ameandika hivyo kwa vile hakuumia. Lindgren aliondoka kwao akinyooshewa vidole. Shamba lile lile ndilo lililompokea mwanawe. Alipokuja kuandika kijiji chenye usalama alikuwa anajua kwa mwili wake mtoto asiye na kwao anavyolia usiku. Nadhani ndiyo maana katika vitabu vyake usalama hauna utamu wa peremende; una uzito wa chakula.

Historia ya kuchapishwa kwake ni maarufu, nitaipita upesi. Mwaka 1941 binti yake Karin, mwenye miaka saba, alilala na homa ya mapafu, akamwomba mama amsimulie habari za Pippi, jina alilolibuni papo hapo. Mama akasimulia, kwa miaka. Machi 1944 Astrid akateleza kwenye theluji, akateguka kifundo cha mguu, na kwa kuwa hawezi kwenda popote akaziandika hadithi zile kwa hati mkato akiwa kitandani. Mei akampa Karin nakala katika siku yake ya kutimiza miaka kumi, nyingine akaipeleka kwa mchapishaji Bonniers. Ikarudishwa. Mwaka huo huo akashika nafasi ya pili katika shindano la kampuni ya Rabén & Sjögren kwa hadithi nyingine. Mswada wa Pippi akaurekebisha, akaupeleka katika shindano la 1945, ukashinda. Usisikie "ukashinda" ukasahau "akaurekebisha". Mswada wa kwanza ulikuja kuchapishwa mwaka 2007, na ukiuweka kando ya kitabu cha 1945 unaona kazi aliyoifanya: amepunguza, amepanga upya, amemwachia mtoto nafasi.

Tuje Bullerbyn, maana hapo ndipo pana jibu lako.

Kitabu cha kwanza cha watoto hao kilitoka 1947. Mahali penyewe amepachukua kutoka Sevedstorp, alikokulia baba yake: nyumba tatu kwenye mstari mmoja, watoto sita, mwishoni saba. Nyumba tatu, Mwalimu! Kitunda ni jiji ukilinganisha. Na hakuna jambo kubwa linalotokea humo. Hakuna majambazi, hakuna hazina iliyofukiwa. Watoto wanapunguza miche ya mazao ya mizizi shambani na kulipwa ujira, na wanapiga hadithi ili mstari uishe upesi. Usiku wa Agosti wanakwenda ziwani na wakubwa kutega kamba wa maji baridi. Wanatumwa dukani, wanasahau walichotumwa, wanarudi tena na tena.

Sasa chukua sura yako ya kwanza. Umeandika: "Jua lilikuwa likizama katika ghuba ya Lindi kama sahani ya dhahabu, minazi ikicheza kwa upepo mwanana." Ni sentensi safi, na ningeifuta leo. Si ya Somoe. Ni ya mgeni aliyeshuka kwenye basi na kamera. Mtoto wa Kitunda haoni ghuba. Anaona kama kivuko kimeondoka au bado. Anaona maji yamejaa au yametoka, maana yakiwa bamvua na yakatoka mbali, mama zake wataingia miambani kutafuta pweza na hakuna wa kumwuliza alikuwa wapi tangu asubuhi. Kusi likivuma anajua mjomba hatoki na ngalawa leo, kwa hiyo atakuwa nyumbani, kwa hiyo leo si siku ya kuazima baiskeli yake. Hiyo ndiyo ghuba ya mtoto. Lindgren hakuchora mandhari ya Småland. Alionyesha mahali panavyomtuma mtoto, panavyomzuia na panavyomficha. Msomaji wa Mombasa hahitaji kuifahamu Kitunda kabla. Anahitaji kuona Somoe ametumwa, amechelewa, na kuna mtu anamsubiri mlangoni. Hilo analijua.

Na linganisha sentensi ile ya jua na ukurasa wako wa 11. Issa amesimama juu ya gunia analishindilia kwa miguu, Somoe anamwambia ateremke, anakanyaga korosho za bibi. Mistari mitatu tu. Mjukuu wangu alichekea hapo. Msimu wote wa korosho umo ndani ya mistari hiyo mitatu, na hukuwa na habari kwamba unaandika vizuri.

Nenda mbali zaidi njia hiyo. Unajua mambo ambayo mhariri wa Dar es Salaam hawezi kuyabuni. Mtoto anavyoamshwa kabla ya shule kuokota zilizoanguka usiku. Kukonyoa korosho kwenye bibo, lile tunda lake, na maji ya bibo yanavyoacha doa kwenye shati jeupe la shule ambalo hakuna sabuni inayolitoa. Kwa hiyo aliyekwenda shambani siku ya mtihani atajulikana tu. Mafuta ya ganda yanavyobabua midomo ya mdogo wao aliyeing'ata mbichi. Watoto wanavyochoma korosho kwa siri juu ya kipande cha bati, ghafla mafuta yanashika moto, moshi mweusi unapanda, na siri imekwisha. Harufu ya salfa nguoni mwa baba mwezi wa saba. Bibi anavyochambua daraja la kwanza na la pili kwa macho yasiyoona vizuri, na bado hakosei. Kisha ghala, kisha mnada, na wazee wanaosubiri tangazo la bei wakiwa wameshika redio au simu kama wanasubiri habari za mgonjwa. Watoto wanazijua bei hizo kwa sauti ya baba. Anza hapo, si kwa takwimu za wizara.

Sasa Emil, na suala la maneno.

Kitabu cha kwanza cha Emil kilitoka 1963. Lindgren alikuwa akimbembeleza mjukuu wake aliyekuwa akilia, akamwuliza kama anajua Emil wa Lönneberga alifanya nini siku moja. Mtoto akanyamaza ili asikie. Lönneberga ni parokia ya kweli, ipo Småland. Visa vingi vilitokana na kumbukumbu za Samuel August, baba yake, aliyekuwa bado hai na kichwa kizima. Alifariki 1969 akiwa na miaka 94. Yaani mwanamke wa miaka 55, mwandishi mashuhuri, aliketi tena kumsikiliza baba yake akieleza bei ya ng'ombe ya zamani, watu waliojikwaa mnadani, maneno yaliyosemwa katika nyumba zisizokuwapo tena. Jiko la Kristin limerudi. Sikio kwanza.

Emil huyu anaita kofia yake mysse na bunduki yake ya mbao bysse, kama watu wa Småland walivyosema, wakati vitabuni ni mössa na bössa. Lindgren aliyaacha. Leo watoto wa Uswidi yote wanayajua maneno hayo, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga Småland. Mkoa haukuyasahihisha maneno yake ili usomwe. Taifa ndilo lililojifunza.

Niliwahi kuandika hadithi fupi ya watoto, zamani, kabla sijawa mhariri. Mchapishaji mmoja akanirudishia akiwa amefuta ming'oko kila mahali na kuweka viazi. Nilikuwa kijana, nikakubali. Hadithi ilikuwa ya watoto wanaokwenda porini na jembe kuchimba mizizi hiyo mwaka wa chakula kidogo. Ukiweka viazi, watoto wanakwenda shambani kwa mtu kuvuna. Wamekuwa wezi! Hadithi nzima ilivunjika kwa neno moja, na hakuna aliyeona, pamoja nami. Tangu siku hiyo neno la mtaani nalilinda mpaka nihakikishe linabeba nini.

Kwa hiyo katika mswada wako: ming'oko ibaki. Bibo, uraka (pombe ya mabibo), kangomba (ununuzi wa korosho wa magendo), vibaki. Usiweke faharasa nyuma ya kitabu wala maelezo katikati ya sentensi. Fanya tendo lieleze. Somoe akiichimba, akaiosha, akaichemsha, akamenya na kula, mtoto wa Mwanza ameshajua ming'oko ni nini, na sasa ana hamu nayo. Na bibi akimwita jirani mzee nang'olo, mara ya pili msomaji ameshasikia heshima iliyomo, usimfasirie. Usimulizi wako uwe Kiswahili sanifu kilichonyooka, kama ulivyofanya. Maneno ya nyumbani yakae midomoni mwa watu na mikononi mwao.

Ila kuna jambo moja nakukataza. Katika sura ya pili umemwandika mzee wa Kimakonde akisema "ntoto" na "ntu" kila anapofungua kinywa, na watoto wanacheka. Hapana, Mwalimu. Sisi wenyewe tumechekwa hivyo kwenye mabasi na maofisini kwa miaka mingi. Emil anaposema mysse msomaji anakuwa naye, hamcheki. Ndiyo tofauti. Mzee yule mpe msamiati wake, mpe methali yake, mpe jina analomwita mbuzi wake. Matamshi yake mwachie.

Na kuna kipande cha Emil kinachokuhusu mno. Kila Emil akifanya kosa (ameingiza kichwa ndani ya bakuli la supu kikakwama, amempandisha mdogo wake Ida juu ya mlingoti wa bendera) baba humfungia katika kibanda cha useremala. Humo Emil huchonga kinyago cha mti. Adhabu moja, kinyago kimoja, hata vikajipanga rafuni zaidi ya 300. Nilipokisoma mara ya kwanza nililia, nawe mtu wa kusini utajua kwa nini. Nimekulia Mtwara, karibu na wachonga mpingo, na hakuna kitabu cha watoto kilichowahi kunionyesha mvulana anayechonga ili atulize moyo wake. Ilibidi nikutane naye Småland.

Watu wa Lönneberga walichoshwa na Emil kiasi cha kuchanga fedha ili apelekwe Marekani. Unaiona historia ya mkoa mzima imeingia kwenye mzaha mmoja? Mama yake akakataa kwa hasira. Mama huyo ndiye anayeandika makosa ya mwanawe kwenye madaftari ya bluu, na msimulizi anatuambia mapema kwamba Emil atakuja kuwa mwenyekiti wa halmashauri yao. Hakuna mahubiri. Na kila ukurasa msimulizi yuko upande wa mtoto, ingawa anaona kosa lake. Mwaka 1978, akipokea tuzo ya amani ya wauza vitabu wa Ujerumani huko Frankfurt, Lindgren alihutubia dhidi ya kupiga watoto. Mwaka 1979 Uswidi ikawa nchi ya kwanza duniani kukataza adhabu ya viboko hata nyumbani.

Hii inanileta sura yako ya tatu, iliyo bora na iliyoharibika. Somoe anachota bakuli moja la korosho za bibi na kumwuzia mtu wa kangomba nyuma ya kisima, kwa bei ya kutupa, ili apate viatu vya shule. Kuna jambo gani la kusini kuliko hilo? Wakubwa nao wanauza kwa kangomba gizani, wakiwa na njaa, kabla mnada haujafunguliwa. Mtoto ameiga alichokiona. Kisha ukurasa unaofuata mwalimu wa shule anasimama mbele ya mstari na kueleza madhara ya kangomba kwa uchumi wa taifa. Somoe analia, anaomba radhi, yamekwisha. Umemnyang'anya kosa lake kabla hajalibeba. Mwache alibebe. Avae viatu hivyo mbele ya bibi anayemsifu. Asikie bibi akihesabu magunia na kusema mwaka huu macho yangu yameharibika zaidi, nimekosea bakuli zima. Mtoto anayesoma atashindwa kupumua, na hutakuwa umemfundisha kitu kwa maneno.

Umeuliza pia aliishi vipi. Aliajiriwa. Kuanzia 1946 hadi 1970 alikuwa mhariri wa vitabu vya watoto katika kampuni ile ile iliyomchapisha. Asubuhi aliandika nyumbani kwa hati mkato, mchana akaenda ofisini kushughulikia miswada ya wengine. Nyumba yake ilikuwa Stockholm tangu 1941 hadi alipokufa. Vitabu vya Småland vyote viliandikwa mbali na Småland, na mwenyewe akarudishwa kuzikwa Vimmerby. Kwa hiyo huna haja ya kuacha chaki. Saa moja kabla watoto hawajaamka inatosha, ikiwa ni kila siku.

Utaniambia kusini tunao waandishi tayari. Kweli, Ebrahim Hussein, aliyezaliwa 1943 mkoani mwenu, alitupa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Lakini hiyo ni ya wakubwa. Rafu ya watoto wa kusini bado ina nafasi kubwa wazi. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi kati ya 1909 na 1913, ikapelekwa Berlin, na hadi leo iko huko. Mtoto wa mpagazi aliuona mfupa mrefu kuliko baba yake ukipita kijijini, akauliza nini? Hicho kiwe kitabu chako cha pili. Usikiguse kabla ya kumaliza hiki.

Kuhusu njia za uchapishaji, kwa ufupi. Mswada ukikamilika tafuta mchapishaji mwenye orodha ya vitabu vya watoto, na umwulize mapema kama atakiombea ithibati Taasisi ya Elimu Tanzania, kwani ndiyo inayofungua mlango wa kitabu cha ziada kuingia shuleni. Fuatilia pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023 na baadaye ikaongeza kipengele cha hadithi za watoto. Ukirudishiwa mswada, kumbuka Pippi alirudishwa pia, na akafanyiwa kazi.

Lakini kabla ya yote hayo, kipindi cha mwisho cha Ijumaa wasomee darasa lako sura moja. Usiwaulize kama wameipenda, watakuambia ndiyo kwa kuwa wewe ni mwalimu. Tazama miguu yao. Pale miguu inapoanza kuchezacheza chini ya madawati weka alama ya penseli pembeni. Hapo ndipo jua lako la dhahabu lilipo. Jumamosi chukua alama hizo uende kwa bibi yeyote mwenye mikorosho, umsaidie kuchambua, umsikilize bila daftari. Andika ukirudi.

Sura ya tatu iandike upya kwanza, nyingine zitaifuata. Ukiimaliza nitumie, hata kama ni kwa picha za simu. Mjukuu wangu ameniuliza mara tatu kama bibi alikuja kujua habari za lile bakuli, nami sina la kumjibu.